Shubiri Mbili Kutoka Ukutani

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Atalikunja mara nne kama kawaida yake, na safari hii hatalitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Atakuwa amestaafu. Alianza kazi ya ufundi sanifu hapa maabara siku ambazo chumba cha mashine kilikuwa bado stoo ya viti vibovu, na baadhi yetu tulikuwa hatujazaliwa.

Jina lake kamili limechapishwa kwenye jalada la programu hii ya kumuaga. Humu ndani tutamwita Shangazi, kwa sababu ukimuulizia getini kwa jina la jalada, mlinzi atakuambia hapa hakuna mtu kama huyo. Jina hilo lilianzia kwa dereva wetu wa zamani, ambaye ni mtoto wa kaka yake kweli. Yeye alimwita shangazi kwa haki yake, wengine wakadandia. Dereva aliondoka miaka kumi na tisa iliyopita, ushangazi ukabaki. Hata Mkuu wa maabara humwita hivyo vikaoni, na Mkuu mwenyewe ana wajukuu watano.

Kwa wageni wetu, hasa mume wake na mabinti zake wawili, ambao wameisikia "mashine" ikitajwa mezani miaka yote bila kuona inavyofanya kazi, tueleze kidogo. Ni mashine ya kromatografia ya gesi. Kwa nje ni sanduku lenye ukubwa wa jiko la kuokea mikate, na ndani yake kweli kuna tanuri. Tone dogo la dawa au mafuta huingizwa kwa sindano, likageuka mvuke, na gesi ikausukuma mvuke huo ndani ya mrija mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, uliozungushwa duara mara nyingi. Moto ukipanda, vitu vilivyochanganyika kwenye lile tone huachana njiani. Vyepesi hutoka mapema, vizito huchelewa, na kila kimoja kinapotoka kompyuta huchora kilima. Ukijua kilima cha sumu husimama dakika ya ngapi, unajua kama sumu imo au haimo. Baada ya hapo tanuri lazima lipoe ndipo tone jingine liingie. Shangazi ameitumikia maabara hii hasa katika huko kupoa na kungoja.

Alipoanza, sampuli moja ilichukua dakika hamsini na mbili: thelathini na nane za kupima na kumi na nne za kupoa. Kwa amri ya jengo mashine haiachwi ikiwaka bila mtu, kwa hiyo siku nzima ya kazi ingeweza kutoa sampuli tisa; kwa kweli zilitoka saba. Zilizoingia zilikuwa thelathini, hamsini, siku nyingine mia. Friji la sampuli lilikuwa halifungi mlango mpaka uliegemee kwa bega. Watu walizoea. Kwenye kaunta ya mapokezi kulikuwa na kibao kilichoandikwa "Majibu baada ya wiki sita," na mtu alikuwa amekwishakikwaruza mara mbili kubadilisha idadi ya wiki.

Shangazi hakuzoea. Siku moja alikuja na saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ile inayotoa kengele mayai yakiiva, akaiweka juu ya mashine. Wenzake walimuuliza kama ameleta na mayai. Aliandika kwa miezi miwili nani anamngoja nani. Aligundua kuwa kila baada ya kupoa, mashine ilikaa bure dakika nyingine kumi na moja, kwa kuwa watu walianza kuandaa sampuli inayofuata baada ya ile ya kwanza kwisha. Basi akaweka sheria yake ya kwanza, ambayo kila mgeni hufundishwa hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: mashine isikukute unaandaa, ikukute umemaliza.

Hatua ya pili ilimchukua miaka miwili. Alitaka mrija wa mita kumi badala ya ule wa thelathini, na moto upande haraka zaidi. Mkuu wa wakati ule alikataa kwa maneno ambayo bado yanasimuliwa: "Mrija mfupi, majibu mafupi." Hofu yake haikuwa ya bure. Ukiharakisha mno, vilima husongamana, na kilima cha sumu kinaweza kujificha nyuma ya cha jirani yake. Shangazi hakubishana. Aliomba mrija mmoja mfupi wa majaribio, akatengeneza michanganyiko ambayo alijua mwenyewe kilichomo, akaipima kila alipopata nafasi kati ya kazi na kazi. Alipima mara mia mbili na sitini. Alipopeleka karatasi ofisini, kila kilima kilikuwa kimesimama peke yake na kati yake na mwenzake kulikuwa na bonde safi. Mkuu yule alizitazama karatasi, akavua miwani, akasema, "Sasa mimi nitakataa kwa kutumia nini?"

Dakika thelathini na nane zikawa saba.

Hatua ya tatu aliipata kwa kutazama kalenda. Ilitundikwa ukutani nyuma ya mashine, na kila mwaka ifikapo mwezi wa nne ilikuwa imejikunja na kugeuka rangi ya chai. Wote tuliidhani ni karatasi mbovu. Shangazi aliweka kiganja ukutani, akakuta ukuta wa moto. Mashine hutoa hewa ya moto kwa mgongoni, na mgongo ulikuwa umebanwa ukutani, hivyo hewa ile ile ya moto iligonga ukuta ikairudia mashine. Aliisogeza mbele kidogo, akapima kwa saa ya kuku. Akasogeza tena. Umbali uliofaa ulikuwa shubiri mbili za mkono wake, kuanzia ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mara mbili. Kupoa kukashuka kutoka dakika kumi na nne hadi tano. Alitumia mkono kwa kuwa futi ya maabara ilikuwa haionekani, na mpaka leo haijaonekana.

Saba na tano ni kumi na mbili. Sampuli saba kwa siku zikawa arobaini. Kibao cha mapokezi kiliondolewa, na matundu yake mawili ya misumari bado yapo kwenye kaunta kwa anayetaka kuyaona.

Wasifu huu ungeishia hapo, na toleo lake la kwanza liliishia hapo. Lakini wiki iliyopita yametokea mambo, na si haki kuyaruka.

Kwa miaka kumi na moja mbinu ya dakika kumi na mbili ilitumika kwa kibali cha muda. Shangazi hakutaka kuondoka ikiwa hivyo. Alitaka iingie kwenye kitabu cha taratibu, ili asije mtu baadaye akasema ilikuwa mambo ya yule mama tu. Mkaguzi alipangiwa kuja wiki ya mwisho ya Juni. Shangazi alikuwa na siku za likizo zilizobaki, akazianza tarehe tisa, akaacha daftari lake la jalada la kahawia lililofungwa kwa mpira. Karani mpya aliagizwa kulichapa kwenye kompyuta.

Mwandiko wa Shangazi unakwenda kama sisimizi waliopotezana. Karani alijitahidi. Kwenye ukurasa wa kumi na nne alikuta: "Kabla ya kuwasha: shubiri mbili." Akaona ni kosa la tahajia, akalisahihisha: "Kabla ya kuwasha: subiri mbili." Mkemia wetu kijana, anayerithi mashine na ambaye tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, aliona sentensi haijakamilika, akaongeza neno: "subiri dakika mbili." Mkuu akasaini. Kwa hiyo watu watatu walilisaidia kosa hilo, kila mmoja kwa nia njema. Karani aliyechapa ndiye anayeandika wasifu huu.

Wiki hiyo hiyo chumba kilipakwa rangi. Wapaka rangi waliisogeza mashine katikati, wakamaliza, wakairudisha vizuri kabisa hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Chumba kilipendeza.

Jumatatu ya tarehe 23 zililetwa chupa tisini na sita za dawa ya kikohozi ya watoto. Kulikuwa na wasiwasi kwamba shehena moja ilichanganywa na sumu, na agizo likatoka kwamba chupa hata moja ya dawa hiyo isitolewe vituoni mpaka zote tisini na sita zipimwe. Kwa dakika kumi na mbili, hiyo ni kazi ya siku mbili na nusu. Jumatatu tulipima ishirini. Jumanne, ishirini na moja. Profesa alisubiri dakika zake mbili kila mara kwa uaminifu, na tanuri lilipoa kwa dakika kumi na nne kama zamani. Kibaya zaidi, vilima vilianza kutangatanga, mara vinawahi, mara vinachelewa. Muuguzi wa kituo cha afya cha karibu alikuwa akipiga simu kila asubuhi. "Jamani, nina watoto kumi na mmoja hapa wanakohoa," alisema Jumanne. "Kabati limejaa dawa na nimelifunga kwa kufuli. Niwaambie nini hawa mama zao?"

Mkaguzi naye alikuwa amefika. Ni mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini, na hilo lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi. Alitazama vilima vinavyotangatanga akasema kwamba kama hadi Ijumaa jioni mbinu haijasimama, ataifuta, na tutarudi kwenye dakika hamsini na mbili. Angalau ile inajulikana. Profesa alitaka kumpigia Shangazi simu. Mkuu akakataa. "Mwacheni mama wa watu apumzike. Tumeshindwa sisi, tusimwite aje ashindwe na sisi."

Jumatano saa tatu asubuhi Shangazi alikuja mwenyewe, amevaa kandambili, kurudisha ufunguo wa stoo aliokuwa ameukuta kwenye mkoba wake. Alisema hakai. Alipita mlangoni mwa chumba cha mashine aseme hamjambo, akasimama. Hakumsalimia mkaguzi, jambo ambalo ameomba tumwombee radhi. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja ukutani.

"Mmeiziba pumzi," alisema.

Gesi ikafungwa, na Profesa na Mkuu wakaivuta mashine taratibu. Shangazi aliinama nyuma yake, akaweka dole gumba ukutani, akanyoosha kidole kidogo mezani, mara moja, mara mbili. "Hapo." Kisha akaomba ule ukurasa. Aliusoma akiwa ameushika mbali na macho, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani. "Hii subiri imetoka wapi?" Karani alinyoosha mkono kama yuko darasani. Shangazi alimtazama, akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Umenisahihisha tahajia," alisema. "Miaka thelathini na moja, hakuna aliyethubutu." Halafu akamwekea mkono begani, akauacha hapo wakati akiendelea kuongea na wengine, na karani hakulia, ingawa ilikuwa karibu.

Kisha akasema jambo ambalo hatukutaka kulisikia. Zile chupa arobaini na moja zilizokwishapimwa zirudiwe. Vilima vilikuwa vimetangatanga, na yeye hawezi kumpa mtoto dawa kwa sababu kilima kilionekana kama hakipo. Chupa zote tisini na sita, tangu mwanzo, na Ijumaa ndiyo hiyo.

"Shangazi, tutafia hapa," alisema Profesa.

"Hutafia hapa, utafia kwenu ukiwa mzee. Lakini chupa zitarudiwa."

Akaomba koti lake. Likizo ilimalizikia hapo.

Saa nne chupa ya kwanza iliingia. Dakika saba, dakika tano, kuku akalia. Chupa ya pili. Mkaguzi alikaa kwenye kigoda na karatasi zake, na baada ya chupa ya kumi tulimwona ameacha kutazama saa yake anatazama ile ya kuku. Vilima vilikuwa vimetulia, kila kimoja dakika yake, kama watu waliopangiwa viti. Jumatano tulipima thelathini. Alhamisi, arobaini kamili. Muuguzi alipopiga, Shangazi mwenyewe alipokea. "Binti, mpaka sasa sijaona kitu, lakini sijamaliza, na sitakwambia nusu. Waambie mama zao kuna mtu anaifanyia kazi sasa hivi, amesimama." Ilikuwa kweli. Alikuwa amesimama tangu asubuhi.

Ijumaa zilibaki ishirini na sita. Katikati yake mkaguzi aliingiza sampuli tano za siri, alizokuja nazo mkobani, ambazo yeye peke yake alijua zina nini. Mbili zilikuwa na sumu kidogo sana. Mashine ilizitaja zote mbili. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa namna ambayo hatukujua ni nzuri au mbaya.

Saa nane na robo mchana chupa ya tisini na sita ilitoka. Mahali pa kilima cha sumu palikuwa na mstari ulionyooka, bapa kama meza. Zote tisini na sita zilikuwa salama. Mkuu alimpigia muuguzi, akaweka simu kwa sauti ya wote. Tulisikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Haya," na tukamsikia akiita akiwa anatembea, "Leteni ufunguo wa kabati, leteni ufunguo," na simu akaisahau bila kuikata. Tuliendelea kusikiliza kufuli likifunguliwa. Profesa alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena.

Lilibaki jambo moja. Mkaguzi alisema mbinu imesimama na ataisaini, ila kitabu cha taratibu hakipokei shubiri. "Shubiri ya nani?" aliuliza. "Huyu kijana ana mkono kama sinia." Zilitakiwa sentimita, na futi, kama ilivyokwishaelezwa, haionekani. Ikatokea kwamba mume wa Shangazi alikuwa mapokezi, amekuja kumchukua mkewe. Ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kwake, kwa sababu huwa anasahau kuuvua. Aliitwa ndani. Aliingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba alichokisikia kwa miaka thelathini na moja, akaitazama mashine, akasema aliidhani ni kubwa zaidi. Shangazi akanyoosha vidole mezani. Mume akaweka utepe.

"Kumi na tisa," alisema. "Nimemshonea nguo zote za maisha yake, mkono huu sikuwahi kuupima."

Basi kitabu cha taratibu sasa kinasema: umbali kutoka ukutani, sentimita thelathini na nane. Mkaguzi amesaini. Muda kwa sampuli, dakika kumi na mbili. Kibali si cha muda tena.

Shangazi aliondoka saa kumi kamili. Kabla ya kuzima taa alifungua friji la sampuli kuangalia, kama alivyofanya kila jioni. Lilikuwa tupu. Alisimama pale mlango ukiwa wazi, baridi ikimpiga usoni, mpaka mume wake akauliza kama ameona kitu. Alisema hapana, hakuna kitu. Alisema hivyo kwa furaha kiasi kwamba mume wake alichungulia na yeye.

Sisi wenzake tunamshukuru kwa sheria ya kutomngojesha anayesubiri, kwa vile vipimo mia mbili na sitini, kwa mabonde yake safi, na kwa saa ya kuku, ambayo ameturithisha kwa sharti kwamba isitumike kuchemshia mayai. Tunamshukuru mume wake na mabinti zake kwa kutuazima mama huyu muda mrefu hivi. Mezani, nyuma ya mashine, Profesa amechora kwa wino usiofutika mkono wa Shangazi, mara mbili, gumba kwa kidole kidogo, kuanzia ukutani. Shangazi aliinama akautazama, akasema kidole cha pete kimechorwa kinene. Tumekiacha hivyo.

Nenda ukapumzike, Shangazi, na siku zako ziwe ndefu, zisizo na foleni. Afya njema kwako na kwa wako wote. Na daftari lako la jalada la kahawia tutaendelea kulisoma. Tukikuta neno tusilolijua, tutakupigia simu kwanza.